Nasimiyu Hutii Mkono Mmoja

Jericho, Nairobi
Jumatano, 6 Machi 1996

Kwa mume wangu mpendwa, Kuka Lusweti,

Nakusalimu wewe babu yangu na bibi yangu Kukhu Asenath, na ng'ombe mwekundu, na yule jogoo mwenye kiburi. Mimi ni mzima, ingawa kiuno kinaniuma, na sababu utaipata huko chini. Hapa Jericho maji yalikatika wiki nzima, yakarudi alfajiri moja wakati kila mtu amelala isipokuwa jirani yangu Nthoki, ambaye nasikia alijaza hata birika la chai. Baba ameniandikia kutoka Kitale. Shule yake inaendelea vizuri, na bado haelewi kwa nini alinisomesha uhasibu halafu nikaja kukaa na kreni. Nimemjibu kwamba nafanya uhasibu: nahesabu siku ambazo Nasimiyu hajaharibika. Hazijawahi kufika kumi.

Huyo mke wako wa chuma, Kuka, ulimpa jina la msichana wa kiangazi kwa sababu ulimnunua Januari, lakini ulipaswa kumpa jina la shangazi mgonjwa. Jana Jumanne tulikuwa na kazi tatu. Nakueleza mwenyewe kabla hujasikia kwa watu wanaokuja huko na basi, maana hao huongeza chumvi.

Asubuhi alikataa kuwaka. Naftaly, kijana wetu anayefunga minyororo na kupiga ishara, aliazima betri ya lori la mchanga, akarudi akiwa mweusi mpaka masikioni. Tulikuwa tumechelewa saa mbili. Nikamwambia Mzee Mulongo, anayemwendesha Nasimiyu, atangulie Donholm na Naftaly, wakapandishe tangi la maji juu ya nyumba namba 67, mimi niwafuate nikishanunua dizeli. Nilipofika, tangi limekaa vizuri sana juu ya namba 61. Mwenye nyumba hiyo, Bwana Jimale, alikuwa amesimama chini na kanzu yake, anamshukuru Mungu. Akaniuliza kama mabomba nayo yanaletwa leo au kesho. Tulilishusha tangi, tukalihamisha, tukavunja vigae vinne vya Bwana Jimale, na shukrani zake zikaishia hapo.

Mchana tulikwenda Dandora. Lori la taka lilikuwa limezama jalalani mpaka kwenye ekseli. Tulilitoa, Kuka, na nilikuwa karibu kujisifu. Lakini Mulongo alipogeuza mkono wa kreni kurudi, aligonga kichuguu cha takataka kirefu kama nyumba, kikamwagika chote juu ya lori lile lile. Tulilizika upya. Dereva alitokea dirishani. Wale ndege wakubwa wenye upara walitutazama kama wazee wa baraza.

Kazi ya tatu ilikuwa hapa hapa Jericho. Kanisa la Mchungaji Njogu lilikuwa na kontena kuukuu la kufanya darasa la watoto, na lilitakiwa kuvushwa juu ya ukuta kwa sababu lango ni jembamba. Naftaly alipanda juu ya kontena. Alikuwa amefunga minyororo miwili kati ya minne Mchungaji aliposema tusiendelee bila maombi. Nani atakataa maombi, baada ya siku kama ile? Tukafumba macho sote isipokuwa Mulongo kule juu kwenye kiti chake, maana ulimfundisha wewe mwenyewe kwamba mtu wa kreni hafumbi macho hata akiombewa. Sasa Mchungaji Njogu, akikolea, hunyosha kidole cha shahada mbinguni na kukizungusha. Na unajua kidole kikizungushwa juu humwambia nini mtu wa kreni.

Mulongo akainua.

Nilisikia mnyororo ukikaza, nikafumbua macho. Kontena limeinuka upande mmoja, Naftaly ananing'inia kwenye kona akipiga kelele, "Amina! Mchungaji, sema amina!" Mchungaji akadhani ndugu ameguswa na Roho, akazungusha kidole kwa kasi zaidi. Mlango wa kontena ukafunguka, viti vya plastiki vikaanza kumwagika. Nilikimbia mbele ya kreni nikiwa nimeinua ngumi, ishara ya kusimama, nikateleza kwenye kiti, nikaanguka na ngumi yangu juu. Hapo ndipo kiuno kilipoumia. Naftaly aliposhushwa alikaa chini muda mrefu, kisha akasema, "Manze Marion, mbinguni nimechungulia. Sina haraka."

Jioni nzima Jericho yote ilicheka, na mimi nilicheka nao. Halafu nikarudi nyumbani nikalia. Pale viti vilipoanguka ndipo kina mama wa kwaya walipokuwa wamepangiwa kusimama baada ya maombi. Naftaly huvaa fulana nyekundu ili aonekane, Kuka. Mchungaji alikuwa na suti nyeusi. Nilipomuuliza Mulongo alisema tu, "Niliona mtu, nikaona kidole."

Siwezi kumwambia ashuke. Alinibeba mgongoni nikiwa sijaota meno. Lakini wewe ni bakoki wake, mlitahiriwa msimu mmoja, mto mmoja na kisu kimoja, na mnaambiana maneno ambayo wengine tungepigwa kwa kuyasema. Mwandikie. Mwambie astaafu kabla hatujazika mtu.

Mkeo mwenye kiuno kibovu,
Marion

*

Chwele, Bungoma
2 Aprili 1996

Kwa mke wangu mdogo Marion,

Nakuandikia kwa mkono wa Kukhu yako kwa sababu wangu siku hizi unatetemeka. (Hautetemeki. Juzi amechonga mpini wa jembe. Mimi Asenath.) Tumepokea barua yako na tumefurahi kwamba u hai. Mvua imeanza, mahindi tumepanda, ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume mwenye hasira kama baba yako. Jogoo uliyemsalimu tulimla Jumapili. Alikuwa mgumu.

Kukhu amenisomea habari ya kidole cha Mchungaji mara tatu. Mara ya tatu chai ilinipanda puani. Nimewasimulia wazee wa kanisani na sasa hakuna anayethubutu kuinua hata mkono wa kusalimia. Huyo Bwana Jimale naye mpe pole. Si kila siku mtu anashushiwa tangi kutoka mbinguni halafu linapaa.

Na wewe, mke wangu, huo ushuhuda wote wa viti na majalala, mwanamume wa kweli umeona wapi? Mimi nimezeeka. Nisije nikafa ukabaki mjane wa miaka ishirini na sita.

Kuhusu Mulongo, nitafikiria. Mwaka huu tunatahiri wajukuu mwezi wa Agosti na nina mambo mengi ya kupanga. (Hana hata moja. Mimi ndiye ninayetafuta mtama wa pombe ya busaa.)

Halafu, kwa nini barua yako inanuka grisi?

Mumeo,
Lusweti

*

Jericho, Nairobi
24 Aprili 1996

Kuka,

Salamu kwenu nyote, hasa kwa ndama. Poleni kwa jogoo, ingawa namjua, alistahili. Kiuno kimepona. Nthoki alinikanda na mafuta ambayo amekataa kuniambia ni ya mnyama gani. Mchungaji Njogu alikuja kutuombea tena, Naftaly akamwona langoni akajifungia chooni.

Grisi ni ya Naftaly. Ndiye aliyepeleka barua posta.

Umeniambia utafikiria. Nakupa mambo ya kufikiria. Wiki iliyopita Mzee Mulongo aliingia karakana asubuhi, akasimama mbele ya pipa la maji tuliloanikia fulana ya Naftaly ikauke, akaliambia, "Leo umewahi, kijana. Nidhamu nzuri." Naftaly halisi alikuwa nyuma yangu na kikombe cha uji. Tulitazamana, hatukucheka. Kuka, Naftaly hakucheka! Kijana huyu alicheka kwenye mazishi ya mjomba wake.

Nimetundika kibao langoni kwamba Nasimiyu ni mgonjwa. Kazi ndogondogo tunazifanya, usiniulize vipi. Kila asubuhi Mulongo anakuja na ufunguo shingoni, anapangusa kioo cha mbele mpaka kinang'aa, kisha anakaa ndani. Anapangusa kile kioo kama ndicho chenye makosa. Ninamwonea huruma mpaka inageuka hasira, na hasira yenyewe nakutumia wewe.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kreni hutii mkono mmoja. Wakipunga watu kumi, unamtazama mmoja tu. Basi Mulongo hutii mkono wako. Pepea huo mkono.

Marion

*

Jericho, Nairobi
3 Juni 1996

Kuka Lusweti,

Hamjambo? Mimi sijambo. Barua yangu ya Aprili haijajibiwa. Au yule ndama mwenye hasira aliila?

Mwenye lori la Dandora ametuita tena. Mulongo anataka kwenda. Mimi nimeuficha mnyororo mkubwa, lakini siwezi kuficha mnyororo kila siku.

Ikiwa hutaki, sema hutaki. Mke hunyimwa vingi, lakini jibu hupewa.

Marion

*

Chwele, Bungoma
15 Juni 1996

Marion, mwana wa mwanangu,

Leo sikuiti mke, ujue nina neno. Tuko wazima. Palizi imekwisha, mahindi yanafika kifuani. Kukhu yako amenikalisha jikoni, amesema sitakula mpaka niseme, na ananusa ugali makusudi ili nisikie.

Nyinyi wajukuu mnadhani macho yangu yaliharibika juzi kwa uzee. Yalianza kuona ukungu mwaka wa 1974, kule Mombasa, nikiwa mtu wa kreni na Mulongo akinipigia ishara kutoka chini. Sikumwambia mtu. Hata Kukhu. (Nilijua. Alikuwa akitia chumvi kwenye chai.) Mulongo hakuniuliza kitu. Asubuhi moja tu alikuja na kitambaa cheupe amekifunga mkononi, akasema ni cha kufutia jasho. Mwaka mmoja na nusu nilipandisha na kushusha mizigo nikikifuata kile kitambaa. Sikuona mkono, sikuona Mulongo, niliona cheupe kikienda juu au chini. Nilijiambia hajui. Nilijua kwamba anajua.

Halafu siku moja mzigo ulipita karibu na kichwa cha mtu, ukamvua kofia. Kofia tu. Mulongo alifungua kitambaa, akapanda ngazi polepole mpaka kwangu, akakitia kwenye mfuko wa shati langu. Akasema, "Bakoki, leo tunashuka pamoja." Hakusema lingine, wala hakumweleza mtu mwingine. Tuliposhuka alinishika kiwiko kama tunaongea habari za mpira.

Nilimchukia miezi minane. (Kumi na moja. Alirudisha hata kuku wake wa Krismasi.) Nilikuwa na mke, watoto watano, na kazi moja ninayoijua, naye alinitoa kwayo kwa kitambaa. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba angeweza kuendelea kukipunga, nami ningeendelea kumpenda, na mtu mwingine angekufa. Tulipomnunua Nasimiyu, nilimwambia akae yeye juu, mimi nitakaa ofisini.

(Hapa ameinuka akafuata harufu ya ugali. Nimemkalisha tena.)

Kwa hiyo sikukujibu kwa sababu niliogopa. Najua ile ngazi ina urefu gani unaposhuka mara ya mwisho. Na ninaona aibu, kwa kuwa yeye hakuniogopa mimi.

Kitambaa ninacho hadi leo, pamoja na fundo alilolifunga pembeni. Nakituma ndani ya bahasha hii pamoja na karatasi ya Mulongo. Msomee mkiwa wawili tu.

Jambo la mwisho. Umesema grisi ni ya Naftaly aliyepeleka barua posta. Mke wangu, mtu asiyeona vizuri hunusa vizuri. Grisi haiko juu ya bahasha. Iko ndani, kwenye karatasi, pale kidole kinaposhika mtu anapoandika. Umeanza lini kupanda kreni?

Lusweti

*

Jericho, Nairobi
9 Julai 1996

Mume wangu mwenye pua,

Salamu zangu kwako na kwa Kukhu, ambaye nataka kumkumbatia kwa ajili ya yale mabano yake. Baridi ya Julai imetukamata hapa. Nthoki anauza mandazi langoni petu na Naftaly amenenepa.

Nakiri. Napanda. Kazi zote ndogo tangu Machi nimefanya mimi, Naftaly akinipigia ishara, Mulongo akiwa amekaa kando yangu. Lakini sikuanza Machi. Mulongo amenifundisha miaka miwili sasa, Jumapili baada ya kanisa, karakana ikiwa tupu. Alisema ni mchezo wa kupoteza wakati, tusikuambie, utamkemea kwa kumpandisha msichana kwenye mashine. Nami kwa ujinga wangu niliamini kwamba ni mchezo.

Nilimsomea karatasi yako Jumamosi, sisi wawili, ndani ya Nasimiyu kwa sababu ofisini kunavuja. Aliniambia, "Nisomee wewe, miwani nimeisahau." Kuka, hajawahi kuwa na miwani. Ulikuwa umeandika maneno machache tu: "Bakoki, Agosti tunatahiri wajukuu. Kiti chako kipo karibu na changu. Leo tunashuka pamoja." Nilipomaliza nikamwekea kitambaa kiganjani. Hakukitazama. Alikipapasa pembeni mpaka akapata lile fundo, akalishika.

Nilingoja akasirike. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nimepanga hata majibu. Akasema, "Lusweti amechelewa. Mimi nilimpelekea mwenyewe kwa miguu, yeye ananitumia kwa posta." Akacheka, halafu machozi yakamtoka akiwa bado anacheka, nami nikamshika mkono nikamwambia kwamba nampenda, jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu mzima yeyote, hata wewe. Sasa nakuambia na wewe, maana nimeshaanza.

Kisha akavua ufunguo shingoni akanivisha. Tuliteremka ngazi pamoja. Nilimshika kiwiko, tukaongea habari za mpira. Mimi sijui chochote kuhusu mpira, nilikubali kila alichosema.

Jumatatu tulirudi kwa Mchungaji Njogu kumalizia lile kontena. Minyororo yote minne. Maombi tulifanya, lakini Naftaly alitoa amri kwamba kila mtu aombe mikono ikiwa mfukoni, na Mchungaji akatii, ingawa mfuko wake ulikuwa ukichezacheza. Mulongo alisimama chini ameweka kiganja kwenye tairi la Nasimiyu, anasikiliza. Niliinua, nikavusha, nikashusha. Halikugusa ukuta. Kina mama wa kwaya wakaimba, wakiwa ng'ambo ya barabara.

Nilipoteremka Mulongo aliniambia, "Umeshika vizuri. Ila breki umeachia mapema, nimeisikia ikilia."

Anakuja na basi la tarehe mbili Agosti. Mpokeeni stendi, na asidanganye kwamba aliona njia mwenyewe.

Mkeo wa grisi,
Marion

*

Chwele, Bungoma
29 Agosti 1996

Kwa mke wetu Marion,

Nasema wetu kwa sababu Mulongo ameketi hapa na anadai sehemu yake. Wajukuu wametoka salama. Walisimama imara, hakuna aliyepepesa jicho, nasi wawili tulishangilia kwa kufuata kelele za watu. Busaa ilitosha. (Haikutosha. Walikunywa na ya majirani.) Mulongo alisema anakaa wiki moja, sasa ni ya nne, na amepanda vitunguu nyuma ya jiko, kwa hiyo usimngoje.

Jioni tunakaa kando ya barabara. Likipita lori tunabishana limebeba nini. Yeye anasema mawe, mimi nasema miwa. Kukhu anaona kila kitu, lakini hatuambii. Anasema akituambia tutakosa kazi ya kufanya.

Nimemsomesha Kukhu barua yako mpaka karatasi imelegea. Mahali pale uliposema neno lile, kwamba unatupenda, tuliguna kama wazee, kisha tukamwambia arudie.

Ndani ya bahasha kuna kitambaa. Tumeshauriana, Mulongo na mimi, tumeona kikae kwako. Kitundike humo ndani ya Nasimiyu mahali unapokiona. Siku moja, mbali sana, Mungu akipenda tukiwa tumeshaoza, utaanza kutazama cheupe tu. Siku hiyo ukikuta mtu mwenye moyo wa kukitia mfukoni mwako, usimnunie miezi minane.

(Kumi na moja.)

Na usikifue. Jasho lililomo ni letu.

Waume zako,
Lusweti na Mulongo

(Nimekifua, mwanangu. Kilikuwa kinanuka. Ila fundo sikulifungua. Kukhu yako Asenath.)